Koo la Mkata Vimeo

Kabla hajaitikia salamu alikutazama shingo. Ungemwambia shikamoo Fundi, naye macho yake yangeanza chini ya sikio lako la kushoto, yapite kidevuni, yafike chini ya sikio la kulia, ndipo aseme marahaba. Nilipofika Mafia nilidhani ni utovu wa adabu, mzee mzima kumkodolea macho mwanamke mgeni. Baadaye nikaona anawatazama hivyo hivyo imamu, wauza samaki na mabwana wa hifadhi ya bahari waliokuja na boti zao mpya na kofia zenye nembo. Kwake yeye watu wote walikuwa shingo kwanza, mengine yalifuata.

Alikuwa mkata vimeo. Kwa asiyejua, kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma kabisa ya kinywa. Wengi wa pwani wanaamini kwamba kikirefuka ndicho kinacholeta kikohozi kisichokoma na watoto kutapika na kukonda, na kwamba dawa yake ni kukikata. Mimi nilikuwa nesi wa zahanati ya kijiji kile, upande wa Kiegeani, na moja ya kazi zangu ilikuwa kuwazuia watu wasiende kwake. Tuliishi hivyo miaka ishirini na ushei, nyumba zetu zimetenganishwa na kiwanja cha mihogo. Sasa nimestaafu na nimechoka, na katika watu wote niliogombana nao kazini, yeye ndiye ninayemkumbuka zaidi.

Kazi yake aliifanya asubuhi tu. Mama alikaa kwenye kigoda mlangoni, mtoto mapajani, uso wa mtoto umeelekezwa kwenye mwanga, na Fundi akachuchumaa mbele yao. Jua likishapita utosini hakumkata mtu hata ungemlilia, kwa sababu, alisema, koo la mchana lina giza. Vyombo vyake vilikaa kwenye mkoba wa ukili: kijisu chenye ncha iliyopinda kilichofungwa kwenye kijiti, kijiko cha bati cha kukandamizia ulimi, na unga wa dawa ambao hakuwahi kuniambia umetoka mti gani. Akimaliza, kile kipande alikiweka juu ya jani la mgomba akamwonyesha mama, ili aondoke na hakika. Kisha alimkataza mtoto pweza na pilipili kwa siku saba. Siku moja nilimuuliza pweza ana kosa gani. Akasema pweza hana kosa lolote, ila mtu asiyekatazwa kitu haamini kwamba ametibiwa.

Ofisi ya wilaya iliwahi kuwaita waganga wa jadi kwenye semina, katika ukumbi ule ule ambao watu wa hifadhi waliwafundishia wavuvi nyavu zipi ni haramu. Fundi alikaa mstari wa mbele. Alisikiliza habari za pepopunda, za ukimwi na za kutoka damu, akauliza maswali mazuri kuliko yangu, akasimama mbele ya wote akaahidi kuacha. Akala pilau. Kesho yake asubuhi nikasikia kilio cha mtoto ng'ambo ya mihogo. Nilivuka kile kiwanja na hasira zangu zote, nikamkuta anafuta kijisu.

"Mimi nimeacha, mwanangu," akaniambia. "Lakini mama huyu hajaacha."

Na bado siwezi kusema alikuwa mtu asiyejali. Mara moja mtoto mmoja alitoka damu isiyosimama. Fundi hakumngoja mama wala hakutafuta baiskeli. Alimbeba mtoto akakatisha naye katikati ya mihogo, kanzu imelowa damu mpaka kiunoni, akamweka mezani kwangu. Mtoto alipona. Mzee alisimama nje, ameuelekea ukuta wa zahanati, mpaka ikaadhiniwa alasiri. Nilitoka nikamwambia yote niliyokuwa nimeyaweka moyoni kwa miaka, na mengine ambayo sikuwa nimeyaweka. Tangu siku hiyo kila mtu alikatwa kwa wembe mpya, na hakumgusa mtoto ambaye kadi yake ya kliniki haina chanjo zote. Akina mama wakawa wanakimbilia kwangu kuchanja watoto ili wakubaliwe kwake. Wakubwa wa wilaya walinipongeza kwa chanjo kupanda, nami nikazipokea pongezi kimya kimya.

Kulikuwa na jambo moja alilolijua kuliko sisi wote tuliosomea. Alisema kimeo kiko katikati, kama nguzo ya kati ya nyumba, na kwa hiyo maumivu yanayoegemea upande mmoja si ya kimeo. Mtu akija kwake analalamika upande mmoja tu, hakumkata. Alimshika mkono akamleta kwangu. Alikuwa akisema, "Nesi, huyu si wangu," kisha akageuka akaenda zake. Katika miaka ile aliniletea watu wachache hivyo, na karibu wote ilikuwa saratani. Mmoja alikuwa mvuvi aliyevuta sigara tangu utoto, mwingine bibi wa tambuu, mwingine mgema aliyekunywa tembo lake kuliko aliloliuza. Nikachora bango nikalibandika ukutani: sigara, tambuu na chupa, na mishale mitatu myekundu inayoelekea kwenye koo. Nililipenda sana bango lile. Niliwasomea watu mpaka wakaweza kulisema kwa moyo, na mimi mwenyewe nikaliamini kupita kiasi.

Fundi hakuvuta, hakutafuna tambuu, na pombe hakuinusa. Kila alfajiri, baada ya kuswali, alisukutua kwa maji ya chumvi ya moto, na sauti ya kusukutua kwake ilitufikia ng'ambo ya kiwanja kabla ya jogoo. Alilisifia koo lake kama wengine wanavyosifia watoto wao. Alisema halijapita moshi wala ulevi, na kwamba siku akifa waoshaji watalikuta safi kuliko yote waliyowahi kuyaona. Nilimtania kwamba waosha maiti hawaangalii makoo. Akasema lake wataliangalia.

Kitu kingine alichojivunia ni ndoa zake. Alioa mara sita, mmoja baada ya mwingine, na wengine aliwaacha kwa heri na wengine kwa shari. Akina mama walipomsema barabarani hakuona haya. Alisema kila mmoja alimwoa kwa mahari na mashahidi, na hajazini hata mara moja tangu abaleghe. Nadhani ilikuwa kweli. Mke wa sita, Mama Zuhura, ndiye aliyedumu naye, na ndiye aliyemtuliza. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, ambaye aliniletea mihogo ya kuchemsha kila Ijumaa na kunifundisha kusema maneno ya kisiwani bila kuchekwa. Alipougua saratani ya mlango wa kizazi tulichelewa kuijua, kama tulivyochelewa kwa wengine. Fundi ndiye aliyemwogesha, akampikia uji, akamsuka nywele kwa vile vidole vyake vilivyozoea kazi ndogondogo. Hakuniuliza ugonjwa umetoka wapi. Siku ya tatu baada ya mazishi alivuka kiwanja akanirudishia bakuli langu, limeoshwa, na ndani yake mihogo.

Basi huyo ndiye mtu aliyesimama kwenye mkutano wa wazazi shuleni, mwaka chanjo ya wasichana ilipofika kwetu, akaniangusha. Mwaka ule ilikuwa kwa wasichana wa miaka kumi na minne tu. Nilieleza kadiri nilivyoweza kwamba sindano inakinga kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Wazazi walikuwa wanaanza kutikisa vichwa kwa kukubali. Fundi akainuka polepole, ameshika sikio lake la kulia, maana lilikuwa likimsumbua siku zile. Akasema yeye amechanjisha watoto wa kijiji kizima na hana ugomvi na sindano. Lakini sindano za watoto huwa ni za wote, wa kike na wa kiume. Hii ya kuchagua wasichana peke yao, tena waliokaribia kuolewa, inatafuta nini kama si kufunga vizazi? Hakupaza sauti. Akamshika mkono mjukuu wake, mtoto wa binti yake Zuhura, akatoka naye, na wazazi wengi wakafuata nyuma yake na mabinti zao. Nilirudi zahanati na kisanduku cha barafu karibu kikiwa kimejaa kama nilivyokwenda nacho. Nilimchukia wiki nzima.

Wiki ya pili yeye mwenyewe alikuja kwa ajili ya sikio. Nilimulika ndani, safi kabisa, hakuna usaha wala nta. Nikampa matone. Akarudi, nikampa vidonge. Akasema akimeza mate anahisi kama mwiba wa samaki, upande wa kulia. Nilipotaka kumwangalia kooni alikataa, nusu kwa mzaha, akasema fundi haangaliwi na mteja wake. Sikumlazimisha. Nilikuwa na foleni, na bado nilikuwa na kinyongo cha ule mkutano. Naandika hivi kwa sababu ni kweli.

Mtu anayejua makoo ya kisiwa kizima hana namna ya kuliona lake. Alijaribu kwa kioo, Zuhura aliniambia, akashindwa. Basi akaenda kijiji cha Baleni kwa mwanafunzi wake, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyejifunza ukataji kwake. Mwanafunzi akatazama. Fundi akamuuliza kama kimeo kimeota tena, na mwanafunzi, ambaye hakuwahi kumpinga mwalimu wake tangu ujana, akasema ndiyo, kimeota kidogo. Kimeo chenyewe Fundi alikatwa akiwa mtoto mchanga, hakuwa nacho cha kuota. Lakini alikaa kwenye kigoda, akatanua kinywa, akakatwa kitu ambacho mpaka leo sijui kilikuwa nini. Ile kanuni ya upande mmoja aliyoifundisha yeye mwenyewe wote wawili waliisahau, au waliiogopa.

Alirudi na damu, na uvimbe chini ya taya upande wa kulia, mgumu, hauumi. Ikawa zamu yangu kukosea. Nilimtazama yule mzee asiye na moshi wala ulevi, nikalitazama bango langu ukutani, na saratani ikatoka akilini. Nikaandika: tezi za shingo, yaelekea kifua kikuu. Nilimwandikia barua ya kwenda hospitali nikiwa nimeshaamua jibu, na daktari kule aliniamini mimi kuliko uvimbe. Fundi alimeza dawa za kifua kikuu miezi sita, bila kuruka hata siku moja, akija kunionyesha kila karatasi aliyoimaliza. Uvimbe ukawa unakua mbele ya macho yangu. Mwezi wa nne wa dawa nilijua kitu hakiendi, nikajiambia tumalize dozi kwanza. Nimewahi kuungama mengi kanisani lakini hilo sijui niliungame vipi.

Tulivuka bahari naye mpaka Nyamisati, tukapanda basi kwenda Dar es Salaam. Zuhura alikuwa amejifungua karibuni, na mimi nilikuwa na likizo niliyoikusanya bila kujua naikusanyia nini. Walimkata kinyama, wakakipima, wakakipima tena. Daktari aliyetupa majibu alikuwa msichana mdogo mwenye subira. Alisema, mzee, ni saratani, imeanzia kwenye tonsili, ile tezi ya pembeni mwa koo, na siyo ya sigara. Fundi akaniangalia kwa upande, akasema alijua, maana hajavuta maishani. Nadhani kwa dakika ile moja alikuwa kama aliyeshinda kesi.

Kisha daktari akaeleza. Ni kirusi, wanakiita HPV, cha jamii ile ile inayoleta saratani ya mlango wa kizazi kwa wanawake. Kinapatikana kwa kukutana kimwili. Watu wengi sana hukipata wakati fulani, na mwili wenyewe hukiondoa bila mtu kujua. Kwa wachache kinabaki kimya miaka na miaka, kisha kinageuka saratani. Kwa mwanamke mara nyingi kule kwenye mlango wa kizazi, kwa mwanamume huku kooni. Akasema aina hii inasikia mionzi vizuri kuliko ile ya wavutaji, hasa ikiwahiwa. Halafu akaifungua kadi ya dawa za kifua kikuu, akaisoma mpaka mwisho, akaifunga, akanirudishia. Angenitukana ningeona nafuu.

Tulikuwa tumefikia kwa mpwa wake Mbagala. Mchana ule alikaa uani kwenye mkeka, kofia ameivua, ameishika mapajani.

"Mama Zuhura alikufa kwa ugonjwa gani?" akauliza.

Nikamwambia anaujua. Akasema anataka kuusikia kwangu. Nikautaja.

"Kwa kirusi hichi hichi?"

"Kwa kawaida ndicho, Fundi."

"Basi aliyempelekea ni miye."

Nilimwambia haijulikani, na sikuwa namfariji tu. Huenda alikuwa yeye, huenda alikuwa Mama Zuhura kutoka kwa mume wake wa kwanza, huenda kilitoka kwa mtu ambaye wote wawili hawakuwahi kumwona, na hakuna kipimo kinachoweza kurudi nyuma miaka yote ile. Akasema najua ila namficha. Nikasema sijui. Akarudia habari za mahari na mashahidi, kwamba hajazini, na mimi, kwa uchovu, nikamjibu kwamba kirusi hakiulizi mashahidi. Neno likanitoka kabla sijalipima. Alinitazama, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilipoisha machozi yalikuwa yamefika kwenye ndevu.

Baadaye akauliza juu ya ile sindano aliyowakatalia watoto. Nikasema ilikuwa ya kirusi hicho. Akauliza kama inakinga na koo pia, nikasema madaktari wanaamini hivyo. Akauliza mbona basi hatuwachomi na wavulana, ikiwa wanaume wanaozea makooni kama yeye. Nikasema nchi imeanza na wasichana kwa kuwa ndio wanaokufa zaidi, na sindano hazitoshi wote. Akatikisa kichwa taratibu, akasema laiti mtu angemweleza hivyo siku ya mkutano. Koo la mwanamume halikuwa kwenye karatasi yangu wala kwenye bango langu. Mimi mwenyewe nililisikia kwa yule daktari asubuhi ile.

Mionzi ilichukua wiki nyingi. Aliporudi kisiwani shingo ilikuwa nyeusi kama imepakwa masizi, mate yalikuwa yamekauka, na kila mahali alikwenda na chupa ya maji. Chakula hakikuwa na ladha. Alisema pweza na karatasi kwake ni mamoja. Sauti ilibaki mnong'ono. Kijijini walikuwa na methali yao tayari, mganga hajigangi, na waliisema kwa utamu unaoudhi. Ile nyingine, ya majuto ni mjukuu, sikuthubutu kuitamka mbele yake.

Uvimbe ulipungua, kisha ukatulia, kisha wiki chache baadaye ukajitokeza mwingine chini yake. Tulijua wote wawili. Ni wakati huo alipokuja kuniomba majina ya wasichana ambao hawakuchanjwa mwaka uliopita. Nilimwambia hayo ni ya zahanati, siwezi kumpa. Akasema basi, hana haja nayo. Siku ile alipotoka mkutanoni aligeuka akaona wote waliomfuata.

Akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Maneno yalimuuma kooni, kwa hiyo aliyapunguza. Alisema alikosea, wampeleke mtoto, akanywa maji, akaondoka. Lakini watu hawakubali kirahisi hivyo. Mama mmoja alimsimamisha mlangoni akamuuliza, mwaka jana ulituambia inafunga vizazi, mwaka huu imevifungua? Fundi akaona hana pa kupita. Akamwambia ugonjwa uliomuua mke wake na huu unaomuua yeye ni mmoja, akaeleza na unavyopatikana. Baada ya hapo alieleza kila nyumba, hata pale asipoulizwa.

Sikuwahi kuona mtu akijivua heshima yake hivyo, kipande kwa kipande, kwa miguu, juani. Wanawake wakahesabu wake zake kwa vidole. Wanaume wakaacha kukaa naye karibu barazani, kana kwamba kirusi kinaruka. Shemeji yake, kaka wa Mama Zuhura, alikuja mpaka zahanati.

"Amemvua nguo dada yangu kaburini," akaniambia. "Na wewe ndiye uliyemfundisha."

Kaka huyo hakumpa Fundi mkono tena, hata siku ya Idi. Zuhura naye alinyamaza na baba yake kwa muda, akimpikia uji bila kumsemesha. Lakini wawili katika wale wake wa zamani walikuja kwangu, kila mmoja siku yake, wamefura, hawataki maswali. Nilikuwa nimeshafundishwa kupima mlango wa kizazi kwa siki, nikawapima. Mmoja alikuwa na madoa ambayo hayajawa saratani bado, akapelekwa akatibiwa. Hakumshukuru Fundi, wala sikumwambia amshukuru.

Siku ya chanjo shuleni alikuja mapema kuliko mimi. Alikaa kwenye benchi la nyuma ya darasa, chupa yake ya maji miguuni, na mjukuu wake kando, kwenye sare. Wasichana wa mwaka ule walikuja, na wengine wa mwaka uliopita ambao walikuwa bado wana umri. Kuna mama mmoja aliahidi na hakutokea. Fundi alimwangalia kila aliyeingia, shingo kwanza. Foleni ilipokwisha akainuka, akamleta mjukuu mbele ya meza yangu.

Daftari lilikuwa na safu ya jina, ya kijiji, ya umri, na ya mwisho, pana kidogo, ya maelezo. Binti yule nilimpokea kwa mikono yangu mwenyewe siku aliyozaliwa. Nilijua kwamba alikuwa ametimiza kumi na tano miezi miwili kabla, na mwongozo ulisema kumi na minne. Kwenye kisanduku ilikuwa imebaki sindano ile ya mtoto ambaye hakuja. Mwalimu aliyekuwa akinisaidia aligeukia dirishani. Nikaandika 14.

Fundi alikuwa ameinama juu ya bega langu. Akaweka kidole juu ya ile nne.

"Siyo," akanong'ona.

Nikamwambia aniachie, hiyo ni kazi yangu na dhambi yangu.

"Juu ya sindano hii nimesema uongo wa kunitosha, mwanangu. Usiongeze wako." Akanywa maji, akangoja koo litulie. "Andika kumi na tano. Halafu andika sababu."

"Sababu gani?"

"Kwamba mwaka jana alikuwa na umri wake, na babu yake akakataa."

Nikakata mstari juu ya 14, nikaandika 15, na kwenye safu ya maelezo nikayaandika maneno yake kama alivyoyasema. Kisha nikamchoma mtoto. Alikunja uso kidogo tu; mzee ndiye aliyegeuka pembeni, yeye aliyekata mamia ya watoto wakilia mikononi mwake. Nilipotupa sindano aliomba kalamu. Nilidhani anataka kuweka alama tu. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, polepole sana, mpaka mwisho wa safu, akaivuka, akaingia kwenye nafasi nyeupe ya pembeni.

Mkaguzi wa wilaya alikuja baadaye. Fundi alikuwa na wiki ya tatu kaburini. Mkaguzi aliuliza nani aliruhusu msichana wa miaka kumi na tano achanjwe, nikasema mimi. Akageuza daftari upande huu na upande ule, akauliza haya maandishi mengine ni ya nini. Nikamtajia jina lote la Fundi, la kwake, la baba yake na la babu yake. Hapa sikuliandika. Aliliandika mwenyewe pale, ambapo alitaka lisomwe.